Maambukizi Madogo, Maradhi Makubwa: Jinsi ya Kuyakatiza Njiani

"Nipe rangi mbili za mia tano, na mbili za maumivu." Sauti hiyo husikika kila siku kwenye madirisha ya maduka ya dawa mitaani kwetu. Muuzaji anakata vidonge vinne kwa mkasi, anavitia kwenye kibahasha, na mama anaondoka kumpelekea mtoto anayelalamika koo. Siku ya tatu homa imeshuka na mtoto yuko nje anacheza. Wiki tatu baadaye goti lake la kulia linavimba na kuuma. Siku mbili mbele linapoa, maumivu yanahamia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Nyumbani wanatafuta alipoanguka. Koo lilishasahaulika.

Maradhi mengi tunayoyaita ya ukubwani, au ya bahati mbaya, huanza namna hiyo: bakteria au virusi vinaingia, vinaleta dalili ndogo au visilete kabisa, kisha baada ya wiki, miaka au miongo ugonjwa mwingine unajitokeza wenye jina tofauti. Kati ya saratani 100 zinazogunduliwa duniani, takriban 13 zinatokana na maambukizi. Vidonda vya tumbo, moyo kushindwa kazi kwa kijana wa sekondari, ini kukakamaa, ugumba wa mirija kuziba: nyuma ya mengi ya haya yupo mdudu aliyeingia zamani.

Habari njema imo humo humo. Kati ya siku ya kuambukizwa na siku ugonjwa mkubwa unapojitokeza kuna muda, na katika muda huo kuna la kufanya. Yafuatayo ni mambo ya kufanya, kiungo kimoja baada ya kingine.

Anza na swali: ni virusi au bakteria?

Bakteria ni kiumbe kamili cha seli moja, anajilisha na kuzaliana mwenyewe. Antibayotiki humuua kwa kuvunja ukuta wake au kuvuruga shughuli zake za ndani. Virusi havina ukuta huo wala shughuli hizo; huingia kwenye seli ya mtu na kuitumikisha. Kwa hiyo antibayotiki haivigusi. Kifua kikuu, kipindupindu, kaswende na homa ya matumbo ni kazi ya bakteria. Mafua, surua, tetekuwanga na homa ya ini B ni kazi ya virusi.

Dawa za rangi mbili, yaani antibayotiki, ukizimeza kwa mafua utapona siku ile ile ambayo ungepona bila dawa, ila utakuwa umewafundisha bakteria wa tumboni mwako kuizoea dawa. Na ukimeza vidonge vinne kwa ugonjwa unaohitaji siku kumi, utatuliza dalili na kumwacha mdudu hai.

Ukikaa mbele ya daktari au mfamasia, uliza maswali matatu bila haya:

1. Hiki kinachonisumbua ni virusi au bakteria, na umejuaje?
2. Dawa hii naimaliza siku gani, hata kama nimepata nafuu kabla?
3. Nirudi lini kuhakikisha kwamba ugonjwa umekwisha?

Kisha piga picha ya cheti cha majibu kwa simu yako na uihifadhi. Karatasi hupotea, na majibu ya leo yanaweza kuhitajika miaka mitano ijayo.

Koo la mtoto, moyo wa kijana

Turudi kwa mtoto wa goti. Bakteria anayehusika anaitwa streptokoko wa kundi A. Kati ya watoto 10 wenye koo linalouma, takriban 2 au 3 wanaye. Waliobaki wana virusi, nao watapona wenyewe. Hatari ya streptokoko huja baadaye. Kinga ya mwili, baada ya kujifunza kumshambulia, huweza kukosea na kushambulia viungo, ngozi, ubongo na milango ya moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na hutokea wiki mbili hadi nne baada ya koo kuuma, zaidi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo hupona. Milango ya moyo hubaki na kovu, na mashambulizi yakijirudia hukaza au kuvuja, hadi binti wa miaka 19 anashindwa kupanda ngazi au anazidiwa katika ujauzito wake wa kwanza.

Namna ya kutofautisha nyumbani si ya uhakika kamili, lakini husaidia. Mafua, kikohozi na sauti kukauka huelekeza kwenye virusi. Homa ya ghafla, mafindofindo mekundu yenye usaha, tezi za shingoni zilizovimba na kuuma, tena bila kikohozi, huelekeza kwa bakteria. Mwambie mtoto apanue kinywa mwangani, umulike kwa tochi ya simu. Ukiona utando mweupe au wa manjano juu ya mafindofindo, nenda kituo cha afya.

Hapo muda uko upande wako. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya baridi yabisi. Tiba ni sindano moja ya benzathini penisilini au amoksilini ya kumeza kwa siku 10 kamili. Mtoto atakuwa mzima kufikia siku ya tatu na atagoma kumeza. Hizo siku saba zilizobaki ndizo zinazoulinda moyo.

Usimpeleke kukatwa kimeo. Kukata kimeo hakumwondoi bakteria wala hakutibu kikohozi, bali huleta damu nyingi na maambukizi mapya, na watoto wamepoteza maisha kwa wembe huo.

Ikiwa mtoto ana maumivu ya viungo yanayohama, anahema haraka, au mikono yake inacheza yenyewe bila kutaka, asiende kukandwa. Aende hospitali akasikilizwe moyo. Akithibitika kuwa na homa ya baridi yabisi atahitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, kwa sababu koo moja jingine linaweza kuongeza kovu. Weka tarehe za sindano kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo nyumba nzima inaziona.

Vidonda vya tumbo: mtafute mdudu kabla ya kuacha maharage

Kwa miaka mingi madaktari waliamini vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robin Warren na Barry Marshall wa mjini Perth, Australia, walionyesha kwamba ndani ya matumbo ya wagonjwa wengi kuna bakteria aliyejikunja, Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchanganyiko wenye bakteria hao, na baada ya siku chache akawa na tumbo lililowaka na kutapika. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Wengi wetu tulimpata bakteria huyu utotoni, nyumbani, kwa njia ya mate, kinyesi na maji machafu. Wengi hawaugui kamwe. Lakini kati ya 10, mmoja au zaidi kidogo atapata vidonda, na wachache watafikia saratani ya tumbo. Huyu ndiye mdudu anayeongoza duniani kwa kusababisha saratani.

Kama tumbo linawaka kila mara, fanya hivi:

- Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu huonyesha kingamwili tu, na hizo hubaki hata baada ya bakteria kuisha; watu hutibiwa mara tatu kwa mdudu ambaye hayupo.
- Acha omeprazo na dawa za jamii yake wiki mbili kabla ya kupima, na antibayotiki wiki nne kabla. La sivyo bakteria hujificha na majibu huja hasi ya uongo. Mwambie daktari kabla ya kuziacha, hasa kama umewahi kutapika damu.
- Akionekana, tiba ni antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Mdomo utakuwa mchungu, na kama metronidazo imo kwenye pakiti, pombe ni marufuku. Maliza dozi.
- Rudi kupima wiki nne au zaidi baada ya kumaliza. Wengi huruka hatua hii, kisha mwaka unaofuata wanasema vidonda havitibiki.
- Angalia vidonge vyako vya maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutoboa tumbo hata pasipo bakteria. Anayezimeza kila siku kwa ajili ya mgongo atafute njia nyingine na daktari wake.

Maziwa baridi hutuliza kwa muda, kisha tumbo huongeza asidi. Kuacha maharage hakumuui bakteria. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu au chakula kukwama kooni ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Homa ya ini B: jua hali yako, kisha walinde wa nyumbani

Wengi hugundua kwamba wana virusi vya homa ya ini B wanapokwenda kuchangia damu, au wanapopimwa ili wasafiri kikazi. Hawakuwa wagonjwa. Virusi hivi hukaa kimya miaka 20 au 30 huku ini likivimba na kupona, likivimba na kupona, hadi linajaa makovu au linaota saratani.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua karibu kila kitu. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, uwezekano wa virusi kubaki mwilini maisha yote ni karibu 90 kwa 100. Mtu mzima akiambukizwa, hupungua hadi chini ya 5 kwa 100. Ndiyo maana chanjo ya utotoni ina thamani kubwa. Katika ratiba iliyozoeleka Afrika Mashariki imo ndani ya chanjo ya pamoja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Shirika la Afya Duniani linapendekeza pia dozi ya ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Mjamzito mwenye virusi aulizie dozi hiyo mapema, kabla ya siku ya kujifungua, pamoja na dawa ya tenofovia ambayo hupunguza virusi mwishoni mwa ujauzito.

Kwa mtu mzima, omba kipimo cha homa ya ini B. Kwenye cheti utaona herufi HBsAg. Zikiwa hasi na hukuwahi kuchanjwa, chanja: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu kwenye mwezi wa sita. Wahudumu wa afya, wanandoa wa wenye virusi na wanaoishi nao nyumba moja wasisubiri.

Majibu yakiwa chanya, usikimbilie kuaga ndugu. Rudia kipimo baada ya miezi sita. Virusi vikiwapo bado, ni vya kudumu, na sasa kazi ni ufuatiliaji. Daktari atapima wingi wa virusi na hali ya ini. Si kila mtu anahitaji dawa siku ya kwanza, lakini kila mtu anahitaji tarehe ya kurudi. Aliyeonekana kuwa katika hatari hufanyiwa picha ya ini kila miezi sita. Acha pombe. Acha mizizi na chupa za kusafisha ini. Baadhi yake ndizo zinazoliua.

Wapeleke mwenzi, watoto, na ndugu wa tumbo moja wakapimwe. Virusi husafiri kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wembe, mswaki, kikata kucha na chale za mganga visitumiwe na watu wawili. Sahani, kikombe, kitanda na kusalimiana mkono havina neno. Kumtengea mgonjwa vyombo vyake ni kumtesa bure.

Kuna adui mwingine jikoni. Mahindi na karanga zilizoota ukungu hubeba sumukuvu, na sumukuvu ikikutana na virusi vya homa ya ini B hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi. Sumu hii peke yake huua pia: mwaka 2004, mahindi yenye ukungu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Anika mahindi juu ya turubai, yakauke kabisa kabla ya kuyatia gunia, na uinue gunia kutoka sakafuni. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, itupe. Usiikaange wala usiisage: moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo.

Mlango wa kizazi: sindano kwa binti, siki kwa mama

Karibu kila saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi vya papiloma, ambavyo kwa Kiingereza hufupishwa HPV. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuvihusisha na saratani hiyo. Aina mbili, namba 16 na 18, zinabeba takriban saratani 70 kati ya 100. Huzima protini zinazoizuia seli kuzaana ovyo.

Wanawake na wanaume wengi walioanza kujamiiana huvipata wakati fulani, na mwili huviondoa wenyewe. Vinapobaki, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kukua. Kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa, miaka 5 hadi 10. Kupatikana na virusi hivi kwa hiyo hakumaanishi kwamba mwenzi ametoka nje wiki iliyopita. Ndoa zisivunjwe kwa kipimo hiki.

Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajaanza kujamiiana. Rwanda ilianza mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2022 kwamba dozi moja inatosha kwa msichana wa miaka 9 hadi 14. Anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya moja. Uvumi kwamba chanjo hii inafunga kizazi hauna ukweli. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, maana tiba yake mara nyingi ni kuking'oa.

Mama naye asiseme muda wake umepita. Kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU, nenda ukachunguzwe. Kipimo cha siki ni chepesi: muuguzi anapaka kimiminika cha siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, na sehemu yenye seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Zikionekana, mara nyingi huchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali siku hiyo hiyo, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Penye kipimo cha virusi vyenyewe, ukiwa hasi unaweza kukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kurudia. Aliyechanjwa pia achunguzwe akifika umri huo, kwa sababu chanjo haigusi kila aina.

Damu baada ya tendo la ndoa, au damu baada ya hedhi kukoma, haisubiri miadi.

Mirija na ujauzito: wote wawili wameze

Klamidia na kisonono ni bakteria wanaopita kimya kimya, hasa kwa wanawake. Wakipanda juu huwasha mirija ya uzazi, na kovu linalobaki huziba njia. Miaka mitano baadaye wanandoa wanahangaika kutafuta mtoto, au mimba inatunga nje ya mfuko wa uzazi na mama anavuja damu ndani kwa ndani.

Wapo wanawake wanaotibiwa "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha, mara sita kwa mwaka kwa sindano tofauti, bila hata mara moja kupimwa sawasawa. Ukiambiwa una UTI kwa mara ya pili katika miezi michache, omba mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane ni bakteria gani na anasikia dawa ipi. Kama kuna maumivu chini ya kitovu, uchafu usio wa kawaida au maumivu wakati wa tendo, sema wazi, uchunguzwe magonjwa ya zinaa. Mficha uchi hazai, na hapa methali hiyo ina maana yake kamili.

Ukitibiwa, mwenzi wako atibiwe siku hizo hizo hata kama anasema hajisikii chochote, na mkae siku saba bila kujamiiana. Anayetibiwa peke yake anarudishiwa mdudu kitandani. Usioshe ndani ya uke kwa sabuni, ndimu wala dawa za unga. Unaua bakteria walinzi na kuwafungulia wengine njia.

Mjamzito apimwe kaswende kwenye hudhurio la kwanza kabisa, pamoja na VVU na homa ya ini B. Kaswende isiyotibiwa huua mtoto tumboni au humzaa na ulemavu. Sindano ya benzathini penisilini inayotolewa mapema humlinda. Baba aende naye.

Virusi vinavyolala: mkanda wa jeshi na taya la mtoto

Ukipona tetekuwanga, virusi vyake haviondoki. Hujilaza kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, na siku kinga inaposhuka kwa uzee, maradhi au dawa, huamka na kutembea juu ya mshipa mmoja. Malengelenge hutoka upande mmoja tu wa mwili, yakiwaka kama moto. Ndio mkanda wa jeshi. Si buibui aliyekojoa wala jicho la jirani, na ukiuzunguka mwili wote haumuui mtu. Dawa ya asiklovia husaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee, basi usipoteze siku hizo kwa majivu na dawa ya meno. Ukitoka karibu na jicho, nenda siku hiyo hiyo. Na ukimpata kijana, apime VVU: mara nyingi huwa dalili ya kwanza.

Virusi vingine vilivyolala vina historia yake hapa kwetu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Sampuli kutoka Uganda zilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona virusi ndani yake. Ndivyo vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Karibu sote tunavyo. Kwa mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara huweza kuleta saratani hiyo. Chandarua kwa hiyo kinakinga zaidi ya homa. Taya la mtoto likivimba kwa kasi na meno kulegea, usiishie kung'oa jino. Uvimbe huu hukua kwa siku chache, na dawa za saratani zikianza mapema watoto wengi hupona.

Panga kwa umri

Kwa anayetaka kubandika ukutani:

- Mtoto mchanga: chanjo zote kwa tarehe zake, dozi ya homa ya ini B ya siku ya kwanza inapopatikana.
- Miaka 5 hadi 15: koo lenye usaha na homa lipelekwe kituoni ndani ya siku tisa, dozi imalizwe.
- Msichana wa miaka 9 hadi 14: chanjo ya virusi vya papiloma.
- Kijana anayeanza mahusiano: kondomu, vipimo vya magonjwa ya zinaa na VVU, chanjo ya homa ya ini B kama hana.
- Ujauzito: kaswende, VVU na homa ya ini B, hudhurio la kwanza, wote wawili.
- Mwanamke wa miaka 30 na kuendelea: uchunguzi wa mlango wa kizazi.
- Mtu yeyote mwenye tumbo linalowaka wiki kwa wiki: kipimo cha choo kabla ya dawa, na kipimo tena baada ya dawa.

Orodha hii haihitaji hospitali kubwa wala safari ya Dar es Salaam, Nairobi au India. Sehemu kubwa inafanyika kituo cha afya cha karibu, na nyingine ni chanjo ambazo serikali imeshazilipia. Gharama huanza pale tunapochelewa: upasuaji wa moyo, tiba ya mionzi, kutolewa maji ya tumbo kila mwezi kwa ini lililokwisha kukakamaa.

Kama hujui pa kuanzia, anza na homa ya ini B. Ni tone la damu kidoleni na dakika 20 za kusubiri. Nenda wiki hii, na uende na mwenzi wako.